Wari Wawili, Nyumba Moja

Wifi yangu anayeishi Maskati haji Mombasa mikono mitupu. Mwaka juzi alikuja na udi, na halua, na vitambaa vya mapazia, kisha wanaume walipokwenda kuswali isha akatoa boksi jeupe lililokuwa chini kabisa ya sanduku. Ndani mlikuwa na mashine ya mwanga ya kuondolea nywele, kubwa kama pasi ya safari, ina waya wa kuchomeka ukutani na kidirisha cha kioo kisichozidi stempu ya barua.

“Wifi, wembe utupe,” akaniambia. “Wenzio kule wameshausahau.”

Nyumba yetu ya Kibokoni ina wanawake watano: mavyaa wangu, mimi, binti zangu wawili, na mpwa wa mume wangu anayesomea uuguzi. Usiku ule ule tukaijaribu, na kabla hatujalala ilikuwa imeshatugawa. Mimi ni maji ya kunde na nywele zangu ni nyeusi. Ikanikubali, taa ya kijani ikawaka. Mavyaa ana vinywele vitatu vya kidevu, vyeupe pe. Ikamulika, na wiki nyingi baadaye vilikuwa pale pale. Mpwa wetu, mweusi wa kung'aa, kila alipoiweka mguuni taa iligeuka nyekundu na mwanga haukutoka. Aliirudisha kwenye boksi bila kusema neno, na nilimwona ameumia.

Hakuwa na kasoro yoyote. Mwanga wa mashine hizi hutafuta weusi. Melanini, ile rangi iliyo katika nywele na katika ngozi, huumeza mwanga na kuugeuza joto. Joto likishuka na unywele mpaka shinani, shina hudhoofika, likachelewa kuotesha tena. Ngozi ikiwa ya rangi hafifu na unywele mweusi, mwanga hupita juu ukanaswa chini. Ngozi ikiwa nyeusi, mwanga hunaswa hapo hapo juu, na kinachoungua ni ngozi. Unywele mweupe hauna cha kuunasa. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1983 katika jarida la Science na watafiti wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, na Marekani iliidhinisha leza ya kwanza ya kuondolea nywele mwaka 1995. Yote haya niliyasoma baadaye, nilipokuwa na sababu ya kuyasoma. Usiku ule tulijua tu kwamba taa ya kijani ni ruhusa na nyekundu ni katazo.

Miguuni ilinifaa. Kila baada ya wiki mbili nilinyoa, nikakausha, nikapitisha mwanga kutoka goti hadi kifundo. Inabidi kurudia kwa sababu nywele hazikui kwa pamoja: nyingine zinakua, nyingine zimelala, nyingine ziko karibu kudondoka, na mwanga huzishika zile zinazokua tu. Mwezi wa tatu malaika wa miguuni walikuwa wachache mno, na ule muwasho wa wembe niliouzoea tangu usichana ukanitoka. Niliipenda mashine ile. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuichukia hata baada ya yaliyotokea.

Kisha binti yangu mkubwa akaposwa.

Nyumba yenye harusi huangalia nyuso za watu wote, na wangu ulikuwa na madoa mashavuni tangu mimba ya mwisho. Nikaenda kliniki moja ya urembo kumenywa uso. Natumia neno kumenya kwa makusudi, maana ukisema kuchubua hapa kwetu mtu anafikiria yale makopo ya kujichubua yenye haidrokwinoni na zebaki, ambayo Kenya na Tanzania zimeyapiga marufuku na bado yanauzwa chini ya meza. Hii ilikuwa kazi nyingine. Nilipakwa asidi ya glaikoliki, ambayo kiasili hupatikana kwenye miwa, ikaachwa dakika chache, ikaoshwa. Mama aliyenihudumia aliniuliza ninapaka nini usiku, nikamwambia krimu ya retinoli. Aliniuliza kama nimetoa nywele za uso kwa nta au kwa uzi, nikasema la, kwa sababu kweli sikuwa nimetoa. Mashine ya mwanga hata haikunijia akilini, kwani ilikuwa ya miguu. Akanipa karatasi ya maelezo, nikaikunja nikaitia mkobani.

Siku ya tatu uso ukaanza kumenyeka pembeni mwa mdomo, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Siku ya sita ulikuwa umekwisha. Niliamka nikajitazama kwenye kioo cha bafuni nikaona uso ambao sikuuona tangu nilipoolewa: laini, unang'aa, madoa yamefifia. Mavyaa alinitazama tukinywa chai ya asubuhi, akasema, “Mashallah, mkaza mwanangu. Na wewe umekuwa mwari.”

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mwari mwenyewe alikuwa ameshawekwa ndani tangu juzi yake. Zamani aliwekwa hata mwezi mzima, asionwe na jua wala macho ya watu. Sisi tulipanga siku kumi na moja. Kila jioni somo, yule mama wa kumfunda, alikuja na bakuli la singo, akamsugua mikono, mgongo na miguu, na nyumba yote ikanukia karafuu, waridi na mlangilangi mpaka ngazini. Huko chumbani kulikuwa na kicheko na siri. Huku kwangu, uso ule mpya ulikuwa umenionyesha kitu: vinywele vya mdomo wa juu na kidevuni, ambavyo zamani vilijificha kwenye ngozi chakavu, sasa vilionekana kimoja kimoja.

Mchana ule nilikuwa nimevuka Likoni kwenda kwa fundi wa nguo. Ilikuwa kaskazi imekolea, na nilisimama kwenye feri juani, saa saba, bila kofia wala mafuta ya kukinga jua. Usiku, baada ya isha, nikajifungia chumbani. Nikanyoa taratibu. Nikaichomeka mashine, nikaiweka juu ya mdomo.

Taa ya kijani ikawaka.

Hapo ndipo ninaporudi kila nikikumbuka. Niliichukua ile kijani kuwa ruhusa. Kumbe kipimo kile husoma rangi ya ngozi, na rangi peke yake. Hakina habari ya asidi, hakina habari ya retinoli, hakijui kwamba ngozi inayoguswa ina siku sita tangu imenywe na saa chache tangu ichomwe na jua la Likoni. Tena ngozi ile mpya ilikuwa nyepesi kuliko ya shingoni, basi ikakubalika kwa urahisi zaidi. Na mashine ilikuwa bado kwenye daraja la 5, nililolizoea miguuni.

Mwanga wa kwanza kwenye mguu huwa kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti. Huu ulikuwa cheche ya mafuta ya bhajia. Nikadhani ni uso tu, uso una hisia kali. Nikapiga wa pili, upande mwingine wa mdomo. Wa tatu kidevuni. Wa nne kwenye taya, na hapo machozi yakanitoka bila kulia, nikaiweka chini.

Kabla ya nusu saa kupita vilikuwa vimetokea vyumba vinne usoni. Nasema vyumba kwa sababu vilikuwa na pembe: mistari minyoofu, kona nne kila kimoja, sawasawa na kidirisha cha kioo, vyekundu vikielekea kahawia. Kidonda cha moto tulichokizoea jikoni hakina umbo. Hiki kilikuwa kimepigwa mhuri.

Nilipotoka, mavyaa alinitazama mara moja akaenda jikoni. Akarudi na asali mkono mmoja na dawa ya meno mkono mwingine. Ni mapenzi yale. Ndivyo alivyotibiwa yeye, ndivyo alivyowatibu wanawe saba. Mpwa wetu akasimama katikati.

“Bibi, niwie radhi. Maji tu. Dakika ishirini.”

Maji ya bomba yalikuwa hayajaja tangu Jumatatu. Basi akanikalisha uani kwenye kibao, akanifunika kifua kwa leso, akaanza kunimiminia maji ya mtungi kwa kopo, polepole, kopo baada ya kopo, yatiririke kutoka mdomoni mpaka kidevuni yaanguke kwenye karai. Mavyaa akataka kuleta barafu. Mpwa akakataa, akasema barafu huongeza jeraha. Aliweka simu kwenye ukingo wa dirisha ahesabu dakika. Mkono wake mwingine ulinishika kisogo nisichoke, na niliuona kwa karibu, mweusi, umetulia, mkono ule ule uliokataliwa na taa nyekundu. Sikuweza kuzungumza. Chumbani mwa mwari walikuwa wakiimba.

Baada ya maji alifungua boksi, akainua trei ya plastiki, akatoa kijitabu kilichokuwa bado kwenye mfuko wake. Alikisoma kwa sauti pale pale uani, akifasiri. Usitumie juu ya ngozi iliyochomwa na jua. Usitumie ukiwa umepaka au umemenywa kwa asidi, na asidi zenyewe zimetajwa kwa majina. Usitumie juu ya alama nyeusi, mchoro wa ngozi, wala baka. Akafungua na mkoba wangu, akaikunjua ile karatasi ya kliniki. Mstari wa nne ulisema hakuna nta, hakuna uzi, hakuna leza wala mwanga mpaka uulize.

Kesho yake malengelenge madogo yalikuwa yametokea kwenye kidevu, tukaenda kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyefanya haraka. Aliniuliza maswali mengi kabla hajagusa kitu. Ulimenywa lini, kwa dawa gani, ilikaa dakika ngapi? Unapaka nini usiku? Unameza doksisaiklini, au vidonge vyovyote vya chunusi? Umechomwa botoksi au fila? Unajichubua? Hili la mwisho aliliuliza kwa sauti ile ile ya mengine, na nilimshukuru kwa hilo.

Kisha akanieleza, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Kumenyeka kukiisha, alisema, mtu huona amepona, kwa sababu uwekundu umeondoka na ngozi inang'aa. Lakini mng'ao ule ni wa ngozi changa ambayo ngao yake bado haijakomaa. Tabaka la juu la ngozi huhitaji takriban siku 28 kujibadilisha, na umri ukienda huhitaji zaidi. Kwa hiyo mtu aliyemenywa kidogo kama mimi yeye humwambia asubiri wiki nne kamili, na hata hizo nne zikitimia, bado aitazame ngozi: isiwashe, isichome ikipakwa mafuta ya kawaida, isiwe na wekundu wala ganda. Aliyetobolewa kwa visindano naye hungojea vivyo hivyo. Aliyemenywa kwa kina huhesabu miezi. Botoksi na fila huwa kama wiki mbili, na aliyechoma ndiye wa kuulizwa. Aliyemeza dawa kali ya chunusi, ile isotretinoini, vijitabu vya mashine hizi humtaka angoje hata miezi 6. Retinoli nayo iachwe wiki moja kabla.

Mpwa wetu akamuuliza la kwake: je, mtu mweusi ndiyo basi? Daktari akamgeukia yeye kabisa, akamwambia la. Ipo leza ya mawimbi marefu, ya nanomita 1064, ambayo melanini ya ngozi haiimezi sana, nayo hupita mpaka shinani. Hiyo hufanywa hospitalini na mtu aliyejifunza. Akamchorea na ule mpangilio wa aina sita za ngozi, ulioanzia kwa daktari wa Marekani Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, akamwonyesha ya sita. “Wewe hapa. Mashine ya nyumbani ilikulinda.” Njiani kurudi binti yule alizungumza kuliko wiki nzima iliyopita.

Mavyaa alipotusikia tukisimulia, alinyamaza kidogo, akasema, “Basi ngozi mpya ni mwari. Na mwari hatolewi nje siku ya sita.” Tangu hapo nyumbani kwetu tuliwahesabia siku wari wawili.

Siku ya kupamba ilifika. Malengelenge yalikuwa yamefunga, lakini daktari alikataza vipodozi juu ya yale majeraha. Nikavaa gauni nililolifuata Likoni, nikajitanda mtandio mpaka chini ya macho, nikakaa safu ya nyuma. Mwanangu alikuwa jukwaani, hina mpaka viwikoni, maua ya piko juu yake, asmini shingoni. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akatuma niitwe. Nilipopanda, akanyoosha mkono ule wenye hina, akaushusha mtandio wangu mwenyewe, taratibu, mbele ya wote, akanivuta nikae karibu naye. Zile picha ninazo. Vyumba vinne vinaonekana katika kila moja, na sikuruhusu mpiga picha avifute.

Baadaye ndio ukaja weusi. Ngozi zetu zikiumia huacha kivuli, na kivuli hukaa kuliko kidonda. Jirani mmoja, kwa nia njema, aliniletea kopo lisilo na lebo, akasema litanisafisha kwa wiki. Mavyaa alilichukua akalitupa. Daktari alikuwa ameshanionya: yale ya mtaani, yakitumiwa kwa muda, yanaweza kuigeuza ngozi rangi ya samawati-nyeusi isiyotoka. Dawa yangu ilikuwa mafuta ya mgando, mafuta ya kukinga jua kila asubuhi hata nikiwa jikoni karibu na dirisha, na leso kichwani nikitoka. Vivuli vitatu viliondoka mwezi wa nne. Cha juu ya mdomo kilikaa mpaka wa saba.

Mwanzoni mwa kungoja kwangu, mwari wa kwanza alirudi kututembelea na mumewe. Usiku akaiulizia mashine. Nikamtazama mikono: hina imechujuka, lakini piko lingali na mistari miembamba kwenye migongo ya mikono. Nikamwambia hapana. Mwanga unaotafuta weusi hautofautishi unywele na ua la piko. Utanaswa na ua, na ua litaungua mkononi mwako. Tena ulifanyiwa halawa ya sukari na ndimu, mashina yameng'oka, mwanga hautakuta kitu; subiri nywele ziote, na hata hapo uzinyoe tu. Tena bado wanakusugua singo? Akacheka, akasema somo amempa debe zima la kuchukua. Basi liache siku mbili kabla, nikamwambia, ngozi isiwe na mikwaruzo.

Kwenye ukuta wa jikoni kuna kalenda ya dukani, yenye tarehe za Kiislamu na za Kizungu. Mpwa wetu ndiye aliyeanza kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu, na sasa imejaa. Hina ya dada, tarehe fulani. Shangazi kumenywa, tarehe fulani, na mshale mrefu unaovuka miezi. Mtu yeyote nyumbani akitaka mashine hupitia jikoni kwanza.

Mwezi wa nane, kusi ikiwa imeingia na jua limepoa, nilirudi kwa daktari. Alinipima homoni, kwa sababu nywele za kidevu kwa mwanamke zina haki ya kuulizwa zinatoka wapi; zikawa sawa. Akanitahadharisha jambo jingine nisilolijua: usoni na shingoni, hasa kwa wanawake wa asili ya Kiarabu na Kihindi, mwanga wakati mwingine huziamsha nywele badala ya kuzilaza. Zikiongezeka, niache mara moja. Uso usimenywe tena kabla. Kisha akaniruhusu mwanga mmoja. Chini ya sikio, mahali pa siri, daraja la 1. Vijitabu husema ungoje siku moja au mbili uone. Yeye alisema kwa rangi yangu ningoje wiki, maana kivuli hakina haraka.

Usiku wa Jumapili nilinyoa, nikakausha, bila mafuta wala udi. Sikuishika mashine mimi. Mpwa wetu ndiye aliyeikamata, akanikalisha kwenye kiti cha jikoni, miwani ya jua usoni, mavyaa amesimama nyuma yangu na mkono begani. Taa ya kijani ikawaka. Hakubonyeza. Alinyanyua macho kwenye kalenda, akasoma kwa kidole: retinoli, siku ya tisa bila. Jua, hakuna. Singo, hakuna. Kivuli cha mdomo, kimekwisha. Ndipo akabonyeza, na ilikuwa kama mpira wa noti, basi.

Kila asubuhi wiki ile mavyaa alivaa miwani yake kabla ya chai, akanivuta dirishani, akapitisha kidole chini ya sikio. “Leo ya ngapi?” Ya tatu, Mama. “Leo ya ngapi?” Ya tano. Ya saba alikaa muda mrefu zaidi, akanigeuza shingo huku na huku kwenye mwanga wa asubuhi, akaipapasa ngozi kama anavyopapasa embe sokoni Marikiti.

“Sioni kitu,” akasema, akavua miwani. “Mwite mtoto aje aandike.”